Kutembelea makumbusho ya rejimenti za askari wa miguu Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa msomaji wa Kiswahili anayeishi Uingereza, au anayekuja kutembelea ndugu, na ameshachoka kupelekwa London kutazama walinzi wa kofia za manyoya. Mikoani huko kuna makumbusho madogo ya kijeshi ambayo hata wenyeji wa miji hiyo wengi hawajawahi kuyaingia. Ndani yake kuna Tanga, Bukoba, Taveta na Nyeri, zimetunzwa na watu ambao wengi wao hawajafika huko. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara jamaa wanapopanga safari.

Makumbusho ya rejimenti ni nini hasa, na kwa nini yako kwenye miji ya pembeni?

Jeshi la miguu la Uingereza lilijengwa juu ya rejimenti. Kila moja ilikuwa na jina lake, nembo yake, muziki wake, maringo yake na kaunti yake. Zamani zilijulikana zaidi kwa namba: ya 30, ya 47, ya 81. Mwaka 1881 serikali ikaziunganisha nyingi kati yake mbili mbili, ikazipa majina ya kaunti, na kila moja ikawa na depo ya kuandikishia vijana wa eneo lake. Utaratibu ulikuwa batalioni moja, yaani kikosi kimoja cha rejimenti, ibaki nyumbani, nyingine iwe ng'ambo. Kijana wa Preston au Bolton aliandikishwa karibu na kwao, akahudumu na watoto wa mtaani kwake, na aliporudi, au vitu vyake viliporudi bila yeye, vilifikia depo.

Makumbusho mengi yameanzia hapo, kwenye chumba kimoja cha depo kilichojaa ngoma, panga, vikombe vya fedha vya mesi ya maafisa, barua na picha. Ndiyo maana hayako mji mkuu. Yako Preston, Bury, Halifax, Shrewsbury, Dorchester, Perth ya Scotland, Enniskillen ya Ireland Kaskazini. Nchi nzima yapo zaidi ya mia moja. Army Museums Ogilby Trust, taasisi iliyoanzishwa 1954 ili kuyasaidia, ina orodha yake kwenye intaneti, na hapo ndipo pa kuanzia kama unatafuta la karibu nawe.

Mbona jina lililoandikwa mlangoni halimo katika jeshi la leo?

Rejimenti zimeunganishwa, zikaunganishwa tena, hadi mgeni anachanganyikiwa. Chukua mfano wa Preston. Rejimenti ya 47 na ya 81 zilifanywa moja mwaka 1881, zikaitwa Loyal North Lancashire. Mwaka 1970 hiyo ikaungana na jirani zake ikawa Queen's Lancashire Regiment, na mwaka 2006 nayo ikamezwa ndani ya Duke of Lancaster's Regiment. Kwa hiyo ukitafuta habari za askari wa 1914, usiulize kwa jina la leo. Mwambie mhudumu jina la wakati ule na, ukiweza, namba ya batalioni. Namba hiyo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: batalioni mbili za rejimenti moja zinaweza kuwa zimepigana mabara mawili tofauti na zisionane vita nzima.

Nikiwa na siku moja tu, niende yapi?

Kama wewe ni wa Tanzania au Kenya, jibu langu ni Preston bila kusita. Lancashire Infantry Museum yamo ndani ya Fulwood Barracks, kambi ya mawe iliyojengwa miaka ya 1840, kaskazini ya katikati ya mji. Treni za kutoka London Euston zinafika Preston moja kwa moja, na kutoka Manchester ni chini ya saa moja.

Wenyeji watakupeleka kwanza kwenye sanamu ya tai wa Wafaransa, ile iliyokuwa juu ya mlingoti wa rejimenti yao ya 22 na ikatekwa Salamanca, Uhispania, mwaka 1812. Ni kitu cha fahari kwao na kinastahili kutazamwa. Ukishamaliza, waulize habari za batalioni ya pili ya Loyal North Lancashire, 1914 hadi 1916. Hapo ndipo kwetu panapoanza.

Watu wa Lancashire walifikaje Tanga?

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, batalioni hiyo ilikuwa Bangalore, India. Ikapakiwa melini pamoja na vikosi vya Wahindi, jumla yao kama watu 8,000 chini ya Meja Jenerali Aitken, wavuke bahari kuja kuchukua Tanga kutoka kwa Mjerumani. Katika msafara mzima, hiyo ndiyo ilikuwa batalioni pekee ya jeshi la kudumu la Waingereza.

Kilichofuata kila mtoto wa Tanga amekisikia kwa namna fulani. Manowari iitwayo Fox ilifika tarehe 2 Novemba na kuudai mji usalimu amri. Kwa kufanya hivyo ikawa imewaamsha waliolala. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alileta askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi, na shambulio kubwa lilipofanyika tarehe 4 alikuwa na watu kama 1,000 tu. Wengi wao walikuwa askari Waafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Washambuliaji walikuwa wametoka kwenye safari ndefu ya meli, wakapita kwenye minazi na mashamba wasiyoyajua, mstari ukakatika. Kisha nyuki. Waingereza waliamini kuwa Mjerumani aliwatega makusudi kwa kamba; ukweli ni kwamba risasi ziliivuruga mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na nyuki hawakubagua jeshi. Tarehe 5 wakarudi melini, wakaacha bunduki, bombomu na risasi zaidi ya nusu milioni. Kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck aliwapa baadhi ya kombania zake bunduki za kisasa badala ya zile za zamani zilizotoa moshi mwingi.

Batalioni haikuishia hapo. Juni 1915 ilikuwamo kwenye uvamizi wa Bukoba. Ikakaa miezi mingi kwenye mstari wa reli kati ya Voi na Maktau, ikawa Salaita Februari 1916 na kwenye mapigano ya Latema na Reata mwezi uliofuata, hapo hapo karibu na Taveta. Malaria na kuhara viliwapunguza kuliko risasi. Mwaka 1916 walipelekwa Afrika Kusini kupata nafuu, wakarejea, na mwanzoni mwa 1917 walikuwa wameshahamishiwa Misri.

Kwa hiyo usishangae ukikuta "Kilimanjaro" kwenye orodha ya vita ambavyo rejimenti ya Lancashire ilipewa kama heshima. Mchaga akilisoma jina hilo Preston ana haki ya kutabasamu.

Na hao askari wengine wa Tanga, nitawakuta humo?

Kwa kiasi kidogo, na hilo lisikuvunje moyo wala lisikupite hivi hivi. Makumbusho ya rejimenti ni ya rejimenti. Yanaeleza watoto wao, na Mkashmiri aliyepigana ubavuni pao, au Mnyamwezi aliyekuwa upande wa pili, anatokea kwa mbali, mara nyingi pasipo jina. Wapagazi ndio wamefifia zaidi. Kampeni hii yote ilibebwa vichwani, kwa sababu mbung'o waliua farasi na nyumbu, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Ninachopendekeza ni kusoma kabati kwa macho mawili. Mtazame afisa wa Kiingereza pichani, halafu angalia nyuma yake ni nani ameshika mzigo, ni nani ameshika hatamu ya nyumbu. Picha zile zilipigwa kwa ajili ya afisa, lakini kamera ilichukua wote.

Makumbusho gani mengine yana habari za Kenya?

Hapa inabidi kujua batalioni gani zilipelekwa wakati wa Hali ya Hatari, yaani vita vya Mau Mau. Ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, waliorushwa kwa ndege kutoka Misri kuja Nairobi walikuwa batalioni ya kwanza ya Lancashire Fusiliers. Makumbusho yao yako Bury, kaskazini ya Manchester, na tramu inakufikisha mjini. Wao wanajulikana zaidi kwa Gallipoli, Uturuki, Aprili 1915, walipopata nishani sita za Victoria Cross, ile ya juu kabisa ya ushujaa, kwa asubuhi moja. Kenya ni kipande kidogo cha hadithi yao.

Baada yao walikuja wengine: Devons, ambao mambo yao yako The Keep mjini Dorchester, Black Watch wa ngome ya Balhousie, Perth, Inniskillings wa Enniskillen, Northumberland Fusiliers wa Alnwick, baadaye watu wa Shropshire, ambao makumbusho yao yamo katika ngome ya Shrewsbury, na wa Gloucestershire waliopo bandarini Gloucester. The Buffs wa Kent pia walikuwako, na mkusanyo wao sasa uko chini ya makumbusho ya taifa ya jeshi (National Army Museum), Chelsea, London.

Wanavyolieleza jambo hili kunatofautiana sana. Nimewahi kusimama mbele ya kabati ambamo Kenya nzima ilikuwa sentensi mbili, na moja ilihusu mvua. Penginepo wameongeza sauti za Wakenya na wameeleza kambi za vizuizi bila kuzungukazunguka. Ukienda na mzee wa Nyeri au Murang'a, mwandae. Kuna bunduki za kienyeji zilizotekwa msituni, kuna picha za operesheni, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ya upande mmoja. Jua pia yaliyotokea baadaye, kwa sababu kabati nyingi zilipangwa kabla yake: mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park, na Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Ukiuliza kwa heshima kwa nini hayo hayamo kwenye maelezo, mara nyingi mtu wa makumbusho ataliandika swali lako. Maandishi ya ukutani hubadilika pale wageni wanapouliza.

Nitaingiaje kambini? Si nitazuiwa getini?

Si yote yako kambini. Bury ni jengo la mjini, Enniskillen na Shrewsbury ni ngome za zamani, Gloucester ni jengo la zamani la forodha bandarini. Lakini Fulwood ni kambi yenye wanajeshi. Unafika getini, unatoa kitambulisho chenye picha, pasipoti au leseni ya udereva, unasema unakwenda makumbusho, unaandikishwa. Uwe nayo mkononi. Picha ya pasipoti kwenye simu haitoshi. Usipige picha ya geti wala ya walinzi. Kama mko kundi, wapigie simu kabla na uwape majina.

Jingine: siku za kufungua ni chache, na huwa katikati ya wiki. Watu wengi wa kwetu wanapanga Jumapili baada ya ibada, wanakuta kumefungwa. Na kwa kuwa serikali imekuwa ikizungumzia kuifunga kambi ya Fulwood kwa miaka kadhaa, hakikisha yalipo makumbusho kabla hujakata tiketi ya treni.

Kiingilio ni kiasi gani?

Mengi ni bure au fedha kidogo. Lile la taifa la jeshi, Chelsea, ni bure. Ngome hutoza zaidi kwa sababu unalipia ngome nzima. Kuna sanduku la michango mlangoni. Tia chochote, kwani yanaishi kwa hilo na kwa watu wa kujitolea.

Wahudumu ni watu gani, na niwaongeleshe vipi?

Wengi ni wastaafu, na baadhi yao walikuwa wanajeshi wa rejimenti hiyo hiyo. Wanapenda kuulizwa kuliko unavyofikiri. Mzee aliyekaa kimya mlangoni, ukimtajia Tanga kwa matamshi yake sahihi, anaweza kusimama akakupeleka mwenyewe hadi kwenye kabati, na kama una bahati akafungua droo isiyofunguliwa kwa kila mtu. Mwambie unakotoka mapema. Usianze na lawama, hata kama unazo na una haki nazo. Salimia kwanza, sikiliza hadithi yake, kisha uliza yako. Huo ni ustaarabu wetu tu, na huku nako unafanya kazi.

Kupiga picha kunaruhusiwa?

Kwa kawaida ndiyo, bila taa ya kamera. Vitu vilivyoazimwa kutoka kwa familia huwa na alama ya kukataza.

Kwa nini bendera zao zimechakaa namna ile? Ni risasi?

Wageni wengi hudhani hivyo, na watoto hupenda kuambiwa hivyo. Simama karibu uone. Ni hariri, imepakwa rangi na kutariziwa kwa nyuzi nzito za dhahabu, na hariri ya miaka mia na zaidi hukauka ikapasuka kwa uzito wake yenyewe. Utaona nyavu laini imeshonwa juu yake ili vipande visianguke. Penye nyuzi nene za maandishi, kitambaa cha pembeni kimeshakwenda na jina la vita limebaki likining'inia peke yake kwenye wavu.

Kila batalioni ilikuwa na bendera mbili, moja ya taji na moja ya rejimenti, na majina ya vita yalishonwa juu yake. Zamani zilikwenda hadi katikati ya mapigano ili askari wajue pa kukusanyikia kwenye moshi, na wengi waliuawa kwa kuzibeba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1880 hazipelekwi vitani. Zikizeeka hazitupwi wala hazifuliwi, zinapelekwa kanisani au makumbusho na kuachwa zijifie taratibu. Ndiyo maana ukumbini mwanga ni hafifu; hawajasahau kubadilisha balbu.

Naweza kwenda na watoto?

Ndiyo. Pengi kuna sare za kuvaa na kofia za kujaribu. Ngome zina ngazi nyembamba za mawe, kwa hiyo mwenye kigari cha mtoto au bibi mwenye magoti aulize kabla.

Askari wa Keya wana makumbusho yao?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na jibu lake halifurahishi sana. Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Afrika Mashariki na Uganda. Mwaka 1914 ilikuwa na batalioni tatu. Vita vilipokwisha 1918 zilikuwa 22. Katika Vita vya Pili walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Lakini Keya haikuwa na kaunti ya Uingereza. Haikuwa na depo kwenye mji wenye mvua ambako wajukuu wa maafisa wangeleta masanduku. Uhuru ulipofika batalioni zake ziligawanywa: zile za Tanganyika zikawa Tanganyika Rifles, ambayo ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964 na nafasi yake kuchukuliwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), za Kenya zikawa Kenya Rifles, ya Uganda ikawa Uganda Rifles. Kila nchi mpya ilitaka jeshi jipya na historia mpya, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutunza kofia nyekundu za mkoloni.

Kwa hiyo vitu vya Keya vimetawanyika. Huku Uingereza jaribu National Army Museum, Chelsea, karibu na kituo cha Sloane Square. Karatasi za maafisa wengi ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Kwetu kuna sanamu za askari Dar es Salaam, ile ya 1927 kwenye makutano ya Samora, na za Nairobi na Mombasa. Kuna makaburi ya Voi, Taveta, Maktau na Tanga. Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, watalii wanaupita wakielekea kivulini. Na milima ya Taita, ambako mahandaki ya 1915 bado yanaonekana ardhini, mwenye miguu ya kutembea anapata somo kuliko kwenye kabati lolote.

Babu yangu alikuwa jeshini. Nitapata jina lake huko?

Inategemea alikuwa jeshi gani, na ni vyema nikueleze mapema ili usifunge safari ya bure.

Kama alikuwa Mwingereza wa rejimenti ya kaunti, makumbusho huwa na vitabu vya kuandikishia, majarida ya rejimenti na picha za kombania. Faili la utumishi la Vita vya Kwanza liko hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London, kama lilipona: Septemba 1940 bomu la Wajerumani lilichoma ghala la wizara ya vita, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa kawaida yaliteketea. Yaliyobaki yana kingo nyeusi za moto hadi leo.

Kama alikuwa Keya, faili lake binafsi huenda halikuwahi kufika Uingereza. Anza na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Kenya, Moi Avenue, Nairobi, au ya nchi yake. Hapo Kew kuna shajara za batalioni za Vita vya Kwanza, chini ya alama ya WO 95, na hizo ni hazina. Afisa aliandika kila siku: mvua, maili walizotembea, waliokufa. Waingereza wanatajwa kwa majina, Waafrika mara nyingi kwa idadi. Hata hivyo ukiijua batalioni yake utajua alikuwa wapi tarehe fulani, na masimulizi ya nyumbani yaliyoonekana kama ngano yanapata mahali pa kusimama.

Kuijua batalioni kuna njia moja nyepesi: nishani. Kama nyumbani mna nishani ya Vita vya Kwanza, ishike ukingoni, si usoni. Izungushe polepole kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye unene wa ukingo kumegongwa namba, cheo, jina na kikosi, kwa herufi ndogo sana. Jina laweza kuwa limeandikwa vibaya, Juma akawa "Jumah" au kabila likawekwa mahali pa jina la baba, lakini namba ndiyo ufunguo. Nishani za Uingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazikugongwa jina, hivyo usihangaike kuzisugua. Na usizing'arishe kwa majivu wala kwa dawa ya masufuria. Ukifanya hivyo mara nyingi, herufi zinakwisha.

Ukiandikia makumbusho, andika barua pepe fupi: jina kwa tahajia zote unazozijua, namba, kikosi, miaka, mji wa kwao. Wape wiki kadhaa. Chumba cha nyaraka huingiwi bila miadi, na humo utaandika kwa penseli tu.

Vitu vilivyoporwa vimo humo?

Baadhi ndiyo. Mwaka 1868 jeshi la Uingereza liliivamia ngome ya Maqdala, Uhabeshi. Mfalme Tewodros alijiua, na hazina yake ikabebwa kwa tembo na nyumbu. Rejimenti ya 33, ambayo makumbusho yake leo yako Bankfield mjini Halifax, na ya 4, ambayo ni ya Lancaster, zilikuwako. Machi 2019 National Army Museum iliirudishia Ethiopia nywele za Tewodros zilizokatwa siku alipokufa. Walichoeleza ni kwamba nywele ni sehemu ya mwili wa mtu, zikazikwe na mwenyewe. Mengine mengi kutoka Maqdala bado yako Uingereza.

Ukiona kitu kimeandikwa tu "kiliokotwa" au "kililetwa na luteni fulani", omba kujua kilipatikanaje. Hilo ni swali la kawaida kabisa makumbusho siku hizi, hakuna atakayekufukuza.

Tuna picha na vitu vya babu nyumbani. Tuvitoe makumbusho?

Msivitoe siku ya kwanza. Pigeni picha kila kitu, mbele na nyuma, na mwandikeni mzee anachokikumbuka kuhusu kila kimoja wakati bado anakumbuka, kwa Kiswahili au kwa lugha yake, na sauti yake mrekodi. Makumbusho mengi yanafurahi kupokea nakala ya picha pamoja na maelezo, na nyinyi mkabaki na asili. Mkiamua kutoa kitu chenyewe, ulizeni kama ni zawadi au azimo, msome karatasi kabla ya kutia saini, na ulizeni wazi kama kitaonyeshwa au kitakaa stoo. Wakisema stoo, si tusi; vitu vingi vya makumbusho yoyote viko stoo. Lakini kama wajukuu wako Morogoro na kitu kinakwenda kwenye sanduku Shropshire, zungumzeni kwanza kwenye kikao cha ukoo.

Nishani msimuuzie mtu wa mnadani aliyewafuata kwenye mtandao kabla hamjajua thamani yake. Hao wanasoma ukingo haraka kuliko nyinyi.